Waya wa mita moja na nusu

Najua nimepotea, mitihani ilinibana, halafu field, halafu mambo mengine ambayo nitayasema humu humu. Wengi mnaopita geto kwangu mmeniuliza kwa nini kuna waya umetundikwa kwenye fimbo ya pazia kama kamba ya kuanikia soksi. Mmoja akasema labda ni dawa ya kienyeji (Usukumani hapa, huwezi kumlaumu). Basi leo nimekaa, chai ipo pembeni, umeme upo, ngoja niandike kabla haujakatika.

Mimi kwetu Kahama, Nyasubi. Chuo nasoma Shinyanga, na nimepanga chumba Kizumbi kwenye nyumba ya vyumba sita. Tofali za kuchoma, bati juu, silingi hakuna. Jua likiwaka bati linalia ka! ka! kama mtu anatembea juu. Dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu wa chuma. Mlango wa bati vilevile. Kwa mwizi ni nyumba nzuri sana, yaani hapiti. Tatizo ni kwamba na mawimbi ya redio nayo hayapiti.

Redio niliinunua Nguzo Nane kwa mzee mmoja fundi, sh. 28,000, nikatoa kwenye bumu nikiwa nimeshafunga macho. Ni ya Kichina, imetumika, ina FM, MW, SW na bendi ya ndege, na ina kitufe cha kutafuta stesheni yenyewe, inapita namba zote mpaka ikinasa kitu inasimama. Ndiyo maana rumeti wangu akaanza kuiita skana, na jina likashika. Wengine mkadhani nasikiliza polisi. Jamani, hapana! Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa, na mimi nataka kugraduate. Redio za upepo za migodini na za polisi sizigusi. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni kitu cha kawaida kabisa, kituo kimoja cha FM cha nyumbani Kahama.

Mtu atauliza, Shinyanga si kuna redio? Zipo, Radio Faraja ipo hapa hapa mjini, TBC ipo, RFA ya Mwanza nayo inasikika. Lakini mama yetu alifariki 2022, nyumba tuliyokuwa tunakaa wanakaa watu wengine, na mimi nikirudi Kahama nafikia kwa mama mdogo kama mgeni. Kituo kile ndicho alichokuwa anakifungua mama asubuhi akiwasha jiko. Wanasoma matangazo ya vifo, wanasoma nani kapoteza ng'ombe, wanasoma salamu. Nikikisikia nakuwa kama nipo kibarazani anachambua mchele. Nisiwachoshe na hayo.

Kutoka Kizumbi mpaka Kahama kwa njia ya ndege ni kilomita tisini hivi. Kwa FM hiyo ni mbali. Mawimbi ya FM hayapindi kama ya MW au SW, yanakwenda karibu kama mwanga wa tochi, ardhi ikijikunja yanapita juu yako. Bahati yetu huku ni tambarare, mlima hakuna, mawe mawe tu. Kwa hiyo yanafika, ila yamechoka. Na yakishafika yamechoka yanakutana na bati la mama mwenye nyumba.

Siku ya kwanza nilisikia mchanga tu. Shhhhh. Nikatoka nayo nje, nikasimama karibu na karo, nikasikia sauti ya mtu mbali kabisa kama anaongea ndani ya ndoo. Nikajua kumbe kipo! Nikarudi ndani, shhhhh. Hapo ndipo akili ikaniambia, tatizo siyo redio, tatizo ni chumba.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kupandisha waya juu ya bati. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba kwa adabu zote. "Mwadila mayu." Akaitikia vizuri. Nikasema shida yangu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, aliyekaa chumba hicho kabla yako alipanda kuweka dishi, akanitoboa bati, masika yote nikalaza ndoo sebuleni. Juu ya bati langu hapandi mtu tena. Halafu na radi hii ya kwetu unaijua?" Kwa radi nilinyamaza. Oktoba 2018 kule Geita radi iliingia darasani ikaua watoto 6. Watu wa kanda hii hatuna utani na radi, na waya mrefu juu ya nyumba bila kuuzika ardhini vizuri ni kuikaribisha. Kwa hiyo ikabaki ndani.

Sasa sikilizeni niliyojifunza, maana nilipoteza wiki tatu na nyie msipoteze.

Cha kwanza, nilizima vitu. Siku moja umeme ulikatika nyumba nzima, redio ikiwa kwenye betri, na ghafla ule mchanga ukapungua nusu! Nikashangaa. Umeme uliporudi, mchanga nao ukarudi. Nikaanza upelelezi: taa ya LED ya bei rahisi niliyonunua sh. 1,500, chaja ya simu isiyo na jina, na sabufa ya jirani wa chumba namba nne. Vitu hivi vina vifaa ndani vinavyowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na vinatoa kelele ambazo sikio halisikii ila redio inasikia. Chaja nikaichomoa, taa nikabadilisha. Sabufa ya jirani sikuweza kuichomoa, lakini jirani anaamka saa tatu na mimi natega alfajiri, tukawa tumeelewana bila kuongea.

Cha pili ni waya. Nilianza kama alivyofanya mama, kuviringisha waya wowote kwenye antena, mrefu kadiri unavyopata. Nilitundika karibu mita sita kuzunguka chumba. Na hapo nikapata somo ambalo sikulitegemea: mambo yakawa mabaya zaidi. Vituo vya hapa mjini vikaingia kwa nguvu mpaka vikatokea hata mahali ambapo siyo pao, ukienda namba hii ni wao, ukienda ile ni wao. Nikampelekea mzee fundi, akacheka. Akasema, "Binti, redio yako ni kama sikio. Ukimpigia mtu kelele sikioni, hawezi kusikia anayenong'ona. Wewe umeongeza kelele."

Akanifundisha vipimo. Wimbi la FM, ukichukua katikati kwenye megahezi 100, lina urefu wa mita 3. Antena nzuri ni vipande viwili vya waya, kila kimoja robo ya wimbi, yaani sentimeta 75. Ukitaka ya namba nyingine gawa 75 kwa megahezi unapata mita. Vipande viwili vinanyooka kwenda kulia na kushoto, jumla mita moja na nusu, katikati havigusani, na hapo katikati ndipo unapoungia waya wa antena ya TV kuja kwenye redio. Waya wa ndani niliubana kwenye antena ya redio, ule wa nje wa kusuka nikaugusisha kwenye chuma cha tundu la hedifoni. Gharama yote haikufika sh. 4,000, na waya wa TV alinipa kipande bure, mzee wa watu.

Uzuri wa antena hii siyo urefu. Uzuri ni kwamba inasikia vizuri kwa ubavu na inasikia vibaya kwa ncha. Kwa hiyo ncha moja nikaielekeza mjini ilikotoka kelele, nikazungusha taratibu mpaka vituo vya mjini vikalegea. Kahama iko magharibi yetu, kusini kidogo, haikuwa imekaa ubavuni sawasawa ila ilipata upenyo. Halafu kuna kitu cha ajabu, ukiisogeza sentimeta thelathini tu, sauti inakuja au inapotea kabisa. Ni kwa sababu mawimbi yanagonga bati, nondo, kitanda cha chuma, yanarudi na kugongana yenyewe kwa yenyewe, mahali pengine yanajazana na mahali pengine yanauana. Nilijaribu juu ya mlango, juu ya kabati, pembeni ya ndoo. Mahali pazuri pakawa kwenye fimbo ya pazia, upande wa kushoto wa dirisha, baada ya kuondoa ule wavu wa chuma na kuweka wa nailoni. Basi ndiyo hiyo kamba yenu ya soksi.

Na cha tatu ni saa. Agosti huku usiku unakuwa mkavu na baridi, asubuhi hewa ya chini inakuwa ya baridi kuliko ya juu, na hali hiyo inayainamisha kidogo mawimbi yafuate ardhi badala ya kupotea angani. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, Kahama inakuja! Jua likipanda, inaondoka. Ilibidi niwe mtu wa kuamka alfajiri, mimi ambaye lekcha ya saa mbili nachelewa.

(Bendi ya ndege, kwa mlioniuliza: ndiyo, inashika. Rubani akiwa kilomita kumi juu unaweza kumsikia akiwa umbali wa kilomita mia tatu, kwa sababu yeye ndiye yupo juu ya mnara. Mwanza ya chini hutaisikia. Nilisikia mara mbili, Kiingereza cha haraka haraka, nikaacha.)

Sasa nije kwenye lenyewe.

Nina kaka mmoja tu. Ni mchimbaji mdogo. Alianza Nyarugusu kule Geita, akazunguka karasha, mwalo, maduara, kila palipotokea tetesi ya dhahabu alikuwepo. Mama hakutaka. Mwaka 2015 nikiwa darasa la tano, duara liliporomoka Nyangarata, wilayani kwetu Kahama. Watu wakahesabiwa wamekufa. Novemba, baada ya siku 41, wakatolewa watano wakiwa hai. Siku 41 chini ya ardhi! Nakumbuka mama alivyoishika redio kwa mikono miwili, antena ilikuwa imevunjika akachomeka uma, na akituambia tusitikisike maana tukipita mbele sauti inakatika. Mtangazaji alipothibitisha, mama alilia. Halafu akamgeukia kaka, akamwambia, "Umesikia? Hao ni watano. Wengine hawatangazwi." Kaka akaitikia ndiyo mama. Mwaka uliofuata akaenda Geita. Januari 2017 waliofukiwa Nyarugusu walikuwa 15, wakatoka wote wazima baada ya siku kama tatu, na kaka alipopiga simu kusema hakuwa mmoja wao, mama aliongea naye dakika moja tu, akakata. Hakuwa na la kusema.

Julai 2025 kaka aliniambia amehamia huku kwetu Shinyanga, upande wa Solwa. Duara gani, mgodi gani, hakusema, na mimi sikuuliza. Hilo nimejilaumu nalo sana.

Jumatatu tarehe 11 Agosti nipo field mjini, jioni mtu mmoja ofisini akasema kule Nyandolwa mgodi umeshuka, watu 25 wapo chini. Nilipiga simu ya kaka palepale kwenye ngazi. Haipatikani. Nikapiga nikiwa kwenye bajaji, nikapiga nikiwa kitandani, haipatikani. Jumanne haipatikani. Magrupu ya WhatsApp yakaanza kazi yake, huyu anatuma orodha ya majina, yule anasema orodha ni ya uongo, mwingine anatuma picha ambayo hata siyo ya Tanzania, na mimi nafungua kila kitu, nikiliona jina linalofanana kidogo na la kaka moyo unasimama. Bando likaisha. Nilimpigia mama mdogo Kahama, hajui. Rafiki zake kaka siwajui kwa majina, nawajua kwa majina ya kimgodi tu, ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Jumatano nilitaka kwenda. Mama mwenye nyumba akanizuia, akasema, "Mwanangu, kule wamejaa watu wanalia, na wewe ukienda utaongeza mtu mmoja wa kulia. Subiri kukuche kesho, nitakusindikiza mimi mwenyewe." Sikulala. Saa kumi na moja nikawasha redio, kwa mazoea tu nadhani, na kwa sababu nilitaka kusikia sauti inayosema jambo ikiwa imehakikisha kwanza.

Kahama ilikuja, lakini vibaya. Inakuja, inazama. Taarifa ya habari ikasema uokoaji unaendelea, ikasema idadi, ikazama. Nikasimama juu ya kiti nikashika ule waya kwa vidole, ikaja. Nikiuachia inaondoka. Kumbe mwili nao ni antena. Kwa hiyo nikabaki nimesimama pale mkono juu kama mwanafunzi anayetaka kwenda chooni, dakika arobaini nzima, mkono umekufa ganzi. Yakapita matangazo ya vifo. Nikayasikiliza yote, sitaki kuwaambia nilivyoyasikiliza. Ikaja salamu.

Salamu za kawaida, fulani wa Segese anawasalimia fulani na fulani. Halafu shhhh. Halafu nikasikia "...mdogo wake yuko masomoni Kizumbi, Shinyanga..." Shhhh. Nikabadilisha mkono. "...anasema simu imetumbukia kwenye maji ya duara, namba zote zimepotea, yeye ni mzima, yuko Kahama, asihangaike..." Na jina lake lote, la baba na la babu, kama linavyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtangazaji akalirudia, akacheka kidogo, akasema huyu bwana amepiga simu mara tano tangu jana. Kisha ikazama na haikurudi.

Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini sakafuni. Mama mwenye nyumba akasikia kishindo, akagonga, "Kuna nini? Mwanangu, kuna nini?" Nikashindwa kujibu, nikawa namwonyesha redio kwa kidole. Yeye akadhani wamemtangaza amekufa, akaanza kulia, na mimi nikawa nalia kwa upande mwingine, ikachukua muda tukaelewana kwamba tunalilia vitu viwili tofauti. Teh teh, sasa hivi nacheka, siku ile hapana.

Jumapili kaka akaja. Kumbe kweli alikuwa upande ule, duara lingine siyo lile, na simu ilimtumbukia siku mbili kabla hata ya ajali. Baada ya ajali mwenye duara lao akawafukuza wote watoke, akapanda lori mpaka Kahama. Nikamuuliza, kwa nini hukunitafuta? Akasema, "Kwa namba ipi, mdogo wangu? Yangu mwenyewe siijui. Namba pekee niliyonayo kichwani ni ya redio ile, wanaitaja kila dakika tangu tupo watoto." Namba ya mama mdogo je? Akainamisha kichwa. Alikuwa anamkwepa, anamdai hela. Sitaingia huko.

Tulikaa tunasikiliza hapa hapa habari za Nyandolwa. Kazi ya kuwatafuta watu ilikwenda siku nyingi, na wachache tu ndio walitoka wazima. Wawili kati ya waliokuwa chini kaka alikuwa anawafahamu. Hakusema kitu, akawa anaangalia ile antena yangu, anaigusa, sauti inakuja, anaachia inaondoka. Nikamwambia habari ya robo ya wimbi, sentimeta 75. Akaniuliza kwa nini 75 na siyo 80. Nikamweleza, akaelewa haraka kuliko rumeti wangu mwenye diploma. Nikamuuliza kama atarudi kule. Akasema ana deni la mashine ya kusukuma maji. Nikasema mama angesemaje. Akasema, "Mama hayupo," siyo kwa ukali, alisema tu.

Alipoondoka alifungua antena yote kwenye fimbo ya pazia akaiviringisha akaiweka kwenye begi, anasema kambini kwao redio hazishiki. Sikumkatalia. Nilimwandikia namba yangu kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha begi, na nyingine kwenye karatasi, na nyingine nikamlazimisha aikariri pale mlangoni mpaka bajaji ikapiga honi. Alikosea mara mbili.

Hii mnayoiona dirishani sasa ni ya pili. Waya wa TV nimeununua mwenyewe safari hii, mita nne, mzee fundi kagoma kutoa bure mara mbili. Kesho nitaamka saa kumi na moja kama kawaida, kwa hiyo wa chumba namba nne, tafadhali, ile sabufa.